Sadaka Yenye Kuendelea: Maisha ya Sewa Haji Paroo na Mafunzo Yake

Ndugu msomaji, huenda nawe umewahi kuamka alfajiri huko Temeke au Mbagala, Kinondoni au Mwananyamala, ukapanda basi huku umeshika chombo cha uji na chupa ya chai, unakwenda Muhimbili kumtazama mgonjwa wako. Ulipofika ukauliza amelazwa wapi, ukajibiwa: "Yuko Sewahaji." Ukaonyeshwa njia, ukaenda, ukampa mgonjwa uji wake, ukarudi nyumbani. Jina lile ukalitamka kama neno moja, kana kwamba ni jina la jengo tu.

Ukweli ni kwamba hilo ni jina la mtu. Alikuwa mfanyabiashara tajiri sana wa mwambao huu, aliyefariki dunia mwaka 1897, kabla reli ya kutoka Dar es Salaam kwenda bara haijaanza kujengwa. Kila siku jina lake hutamkwa na akina mama na vijana ambao hawajui alikuwa nani. Basi yafaa tujifunze habari zake. Hatujifunzi ili tumsifu tajiri kwa sababu ya utajiri wake, kwani matajiri wamekuwa wengi na wengi wao wamesahauliwa. Twataka kujua kwa nini sadaka ya mtu huyu haikusahauliwa, na habari hiyo yatufundisha nini sisi tusio na mali kama yake.

ALIKUWA NANI?

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851. Alikuwa Mwislamu wa jamaa ya Waismailia, na asili ya wazee wake ilikuwa Kutch, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Watu wengi wa Kutch walivuka bahari kwa majahazi wakaja kufanya biashara Unguja na mwambao. Ukoo wake ulikuwa na duka Bagamoyo, na yeye aliingia katika biashara hiyo akiwa bado kijana, mwishoni mwa miaka ya 1860.

Siku hizo Bagamoyo ilikuwa lango la bara. Misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji ilifungwa hapo, na iliyorudi ilifungulia mizigo yake hapo hapo. Msafara haukuweza kuondoka bila vitu vya kubadilishana njiani, kwani huko bara hapakuwa na fedha ya kununulia chakula wala ya kulipia hongo kwa watawala. Ilibidi zichukuliwe nguo za merikani na kaniki, shanga za aina nyingi, na nyaya za shaba. Aliyejua ni shanga ya rangi gani hupendwa katika nchi gani, huyo alikuwa na ujuzi wenye thamani kubwa. Zaidi ya hayo, ilibidi wapatikane wapagazi, mamia kwa mamia. Sewa Haji aliyafanya yote mawili: aliuza bidhaa za msafara na kuwakusanya watu wa kuzibeba. Pembe za ndovu ziliporudi pwani, yeye alikuwa miongoni mwa wanunuzi.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika Bagamoyo akijitayarisha kwenda kumtafuta Dakta Livingstone. Alihitaji wapagazi, naye akaelekezwa kwa kijana Sewa Haji, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka kama 20. Katika kitabu chake alichokitoa mwaka 1872, Stanley alimlalamikia sana kijana huyo, akidai kwamba hesabu zake hazikuwa za haki. Stanley mwenyewe alikuwa mtu mkali, na kalamu yake haikuwahurumia wengi. Hata hivyo habari hiyo tusiifiche. Twajifunza maisha ya mtu, na mtu huwa na mwanzo na mwisho, tena si lazima mwisho ufanane na mwanzo.

MALI ILIYOTOKA MABEGANI MWA WATU

Hapa yatupasa tusimame kidogo, kwa maana ni rahisi kusimulia habari za mfadhili kana kwamba mali yake ilishuka kutoka mbinguni.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa na uzito wa frasila mbili hivi, yaani ratili 70, au kilo zaidi ya 30. Aliubeba kichwani au begani, siku baada ya siku, katika njia iliyozidi kilomita 1,000 mpaka Ujiji. Zaidi ya mzigo wa tajiri alibeba chungu chake, mkeka wake na chakula chake. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu hodari waliojivunia kazi yao na waliokubaliana ujira wao kabla ya safari. Lakini njaa, ndui na kuhara damu viliwaua wengi, na mifupa yao ilibaki kando ya njia bila kaburi wala jina. Tena biashara ya pembe za ndovu, katika njia zile zile na miaka ile ile, iliandamana na biashara ya watumwa, na misafara ilipeleka bara bunduki na baruti zilizoongeza vita.

Hiyo ndiyo biashara iliyomtajirisha Sewa Haji, kama ilivyowatajirisha wengine wengi, Waarabu, Wahindi, Waswahili na Wazungu. Je, sadaka yaweza kuisafisha mali? Kurani Tukufu imetufundisha kutoa katika vile vizuri tulivyovichuma, si katika vibaya ambavyo sisi wenyewe tusingevipokea ila kwa kufumba macho. Kwa hiyo sadaka si sabuni ya kuoshea dhuluma. Anayempunja kibarua wake ujira, kisha akatoa sehemu ya ujira ule msikitini, hajatoa chochote. Amerudisha kidogo cha haki ya mwingine, tena kwa asiyestahiki.

Sisi hatukuteuliwa kuwa makadhi wa Sewa Haji, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Twaweza kusema jambo moja tu kwa hakika: alipoanza kutoa, aliwatolea watu wa namna ile ile waliombebea mali yake, yaani wagonjwa maskini na watu waliokwisha tupwa na wenzao. Kama mali ilitoka mabegani mwa maskini, basi ilirudi kwa maskini.

MILANGO YA SHULE NA HOSPITALI

Mwaka 1891 Wadachi, ambao walikuwa wameitwaa nchi, waliuhamisha mji mkuu wa koloni lao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam. Katika miaka hiyo ya 1890 Sewa Haji alifanya mambo mawili yaliyolihifadhi jina lake.

La kwanza lilikuwa Bagamoyo. Alitoa jengo la ghorofa liwe shule, akalikabidhi kwa serikali ya Kidachi. Lakini hakulikabidhi hivi hivi. Aliweka sharti kwamba shule hiyo iwe wazi kwa watoto wote bila kubaguliwa kwa asili yao. Kumbuka, ndugu msomaji, huo ulikuwa wakati gani. Watawala walikuwa wakiwapanga watu kwa rangi, na jamaa za wafanyabiashara nazo kila moja ilijijengea yake. Tajiri wa Kihindi angeweza kujenga shule ya watoto wa jamaa yake tu, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alitaka mtoto wa Mwafrika na mtoto wa Mhindi waingie kwa mlango mmoja.

La pili lilikuwa hapa Dar es Salaam. Alitoa mali yake ili ipatikane hospitali kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Wazungu walijengewa hospitali yao pale pwani, Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897, mahali penye upepo mwema wa bahari. Hospitali ya Sewa Haji ilikuwa ya watu wasioweza kuingia kule. Mpagazi mwenye kidonda cha mguu, kuli wa bandarini aliyeangukiwa na mzigo, mama mwenye homa, wote hao walikuwa na mlango wa kubisha.

Sewa Haji alifariki dunia Unguja tarehe 10 Februari, 1897, akiwa na umri wa miaka 46. Hakuuona uzee. Hospitali yake iliendelea kuhudumia watu katika utawala wa Wadachi, ikaendelea katika utawala wa Waingereza, mpaka mwaka 1956 ilipofunguliwa hospitali mpya kule Upanga, ambayo kwanza iliitwa kwa jina la Princess Margaret. Baada ya uhuru jina hilo liliondolewa, na leo twaijua kuwa Muhimbili. Angalia jambo hili: jina la binti mfalme aliyefika siku moja kuifungua halikudumu, bali jina la mfanyabiashara wa Bagamoyo lilihamishwa likapewa jengo katika hospitali mpya, na bado liko vinywani mwa watu.

WASIA WAKE

Lakini kujenga si kazi ngumu kuliko zote. Sewa Haji alijua kwamba jengo halimlishi mgonjwa. Baada ya kuta kusimama, kila siku huhitajiwa dawa, chakula, nguo, sabuni, na mtu wa kufagia. Kwa hiyo katika wasia wake aliacha majumba na viwanja vyake vya Bagamoyo na Dar es Salaam mikononi mwa serikali, kwa sharti kwamba mapato yake yatumike kuwasaidia wagonjwa wa hospitali ile na watu wenye ukoma wa Bagamoyo.

Fikiri juu ya hao wenye ukoma. Siku zile ugonjwa huo haukuwa na dawa. Mtu aliyeupata alitengwa na mkewe, na watoto wake, na jirani zake. Hata aliyempa chakula alikiweka mbali akaondoka. Hapana sifa yoyote ambayo tajiri angepata kwa kuwakumbuka watu hao. Hawakuwa na cheo, hawakuwa wateja, wala hawakuweza kumlipa. Naye aliwaandika katika wasia wake.

Sisi Waislamu twaijua njia hii, nayo ni njia ya wakfu: mali yenyewe hukaa, na matunda yake huliwa na wahitaji. Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika, isipokuwa kwa mambo matatu, na mojawapo ni sadaka yenye kuendelea. Wengi wetu huyasikia mafundisho hayo tukafikiri juu ya neno "sadaka" tu. Tulitazame pia neno "yenye kuendelea". Kinachoendelea huhitaji kulishwa.

MWENZIWE WA UNGUJA

Ili tulione jambo hili vizuri, tuvuke bahari kwenda Unguja, tumtazame tajiri mwingine wa wakati ule ule. Huyo ni Tharia Topan, aliyezaliwa mwaka 1823. Naye asili yake ilikuwa Kutch na naye alikuwa Mwismailia. Alishika forodha ya Unguja, akawa mtu mashuhuri kiasi cha kupewa cheo cha heshima na Malkia Victoria.

Mwaka 1887, Malkia alipotimiza miaka 50 ya utawala wake, Tharia aliweka jiwe la msingi la hospitali ya maskini, pale mbele ya bandari. Jengo lilikuwa zuri ajabu, lenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi. Lakini Tharia alifariki mwaka 1891 huko Bara Hindi kabla halijamalizika. Mjane wake alijitahidi, likamalizika mwaka 1894. Baadaye fedha zilipungua, na mwaka 1900 jengo likauzwa. Chini likawa mahali pa kutolea dawa, na juu likawa makazi. Hospitali aliyoikusudia haikutimia kama alivyoitaka.

Hatusemi kwamba nia ya Tharia ilikuwa mbaya. Nia yake ilikuwa njema, na mauti hayamngoji mtu amalize ujenzi. Lakini ukiyapima mambo haya mawili utaona tofauti. Wa Unguja aliacha jengo zuri likiwategemea warithi wake. Wa Bagamoyo aliacha mapato ya kuilisha kazi yake, akaandika na masharti ya matumizi yake. Leo wageni hulisifu jengo la Unguja kwa uzuri wake, na wagonjwa wa Dar es Salaam hulala katika jengo lenye jina la Sewa Haji.

MAFUNZO KWETU

Sasa turudi mitaani kwetu, Kinondoni na Temeke. Huenda ukasema: "Habari hizi ni za matajiri. Mimi nina chumba kimoja cha kupanga na watoto watano." Ngoja tuyatazame mafunzo yenyewe.

Kwanza, chuma kwa haki kabla ya kutoa. Si tajiri peke yake aliye na wapagazi. Binti anayekusaidia kazi za nyumbani ni mpagazi wako. Kijana anayekusukumia mkokoteni wa madumu ya maji ni mpagazi wako. Mlipe ujira wake kwa ukamilifu na kwa wakati wake, kisha ndipo utoe sadaka. Aliye na deni la kibarua hana sadaka mpaka alilipe.

Pili, tazama mlango wa sadaka yako. Sewa Haji aliweka sharti kwamba watu wasibaguliwe. Je, msaada wetu humfikia nani? Ukiwa na bomba uani kwako, je, jirani asiye wa kabila lako au wa dini yako huteka maji kwa uso ule ule mkunjufu anaotekea ndugu yako? Mitaa yetu ina watu wa kila pembe ya nchi. Sadaka inayowatafuta watu wa kwetu tu ni wema, lakini ni wema nusu.

Tatu, fikiri juu ya siku ya pili. Twaona mara nyingi kisima kikichimbwa. Siku ya kukizindua watu hukusanyika, hotuba hutolewa, jiwe lenye jina la mfadhili huwekwa. Baada ya mwaka mmoja pampu huharibika, na hakuna aliyeweka senti ya kuitengenezea. Jiwe la jina hubaki, maji hayapo. Afadhali kisima kidogo chenye mfuko wa matengenezo na watu waaminifu wa kuusimamia, kuliko kisima kikubwa cha sherehe. Na yule anayelipa kwa siri bei ya kifaa kilichovunjika, ambaye jina lake halimo katika jiwe lolote, huenda thawabu yake ikamzidi aliyechimba.

Nne, jihadhari na masimango. Kurani Tukufu yatuonya kwamba sadaka inayofuatwa na masimango na maudhi hubatilika. Kuna watu humsaidia mgonjwa leo, na kesho mtaa mzima umekwisha jua ni shilingi ngapi. Mgonjwa yule akipona, huona aibu kupita mbele ya nyumba ya mfadhili wake. Je, huo ni msaada, au ni deni lisilolipika? Sadaka ya dhahiri ni njema, hasa ikiwavuta wengine watoe, lakini kumpa fukara kwa siri ni njema zaidi kwetu.

Tano, toa ulicho nacho. Hospitali zetu, ile ya Temeke, ile ya Mwananyamala na Muhimbili yenyewe, huhitaji damu kila siku, na damu haiuzwi dukani. Mtu mwenye afya, awe maskini namna gani, aweza kuitoa, na mwili huirudisha. Katika wodi wamo wagonjwa waliotoka mikoani, wasio na ndugu mjini wa kuwaletea hata uji. Ukimletea wako chakula, ongeza bakuli moja, umuulize muuguzi kama yupo asiye na mtu na kama anaruhusiwa kula. Hayo nayo ni mali, na Mwenyezi Mungu huyapima kwa mizani yake, si kwa yetu.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

Baba na mama wasomeeni watoto makala haya, kisha mjiulize pamoja:

1. Sewa Haji aliweka sharti gani alipotoa jengo la shule, na kwa nini sharti hilo lilikuwa kubwa kwa wakati ule?

2. Kwa nini mapato aliyoyaacha katika wasia wake yalikuwa na faida kuliko jengo peke yake?

3. Je, katika nyumba yetu yuko mtu tunayedaiwa ujira wake?

4. Ni jambo gani jema tulilianza mwaka jana likafa kwa kukosa matunzo? Twaweza kulifufua vipi?

Ukienda tena Muhimbili, ndugu msomaji, na ukaambiwa mgonjwa wako yuko Sewahaji, usipite hivi hivi. Mkumbuke mtu aliyeondoka akiwa na miaka 46, na pamoja naye uwakumbuke wapagazi wasio na majina ambao mabegani mwao ilipita mali yake. Biashara ya misafara imekufa. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 kazi ile iliisha, na pembe za ndovu zilizojaa ghala za Bagamoyo hakuna ajuaye ziko wapi. Kilichobaki ni kile alichokitoa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie mali ya halali, moyo wa kuitoa, na akili ya kuitoa vizuri. Amin.